Ahadi kwa Mnyama wa Porini

Kiswahili chetu kina neno moja, mbweha, ambalo limebebeshwa mzigo wa wanyama kadhaa. Mbweha ni yule wa mgongo mweusi anayelia usiku katika nyika za Dodoma na Singida. Mbweha ni yule mdogo mwenye masikio makubwa anayefukua mchwa katika mbuga za Serengeti. Na tunapotafsiri hadithi za Ulaya, mbweha ni yule mwekundu mwenye mkia mnene, ambaye katika nchi yetu hayupo kabisa. Wataalamu wa wanyama hawaupendi mchanganyiko huu, nao wana haki yao. Hata hivyo mimi, niliyefundisha lugha kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, naona kwamba neno hilo linatufaa kwa jambo moja. Wanyama wote hao wanaishi mpakani. Si wa nyumbani kama mbwa, wala si wa mbali kama simba. Usiku huzunguka nyumba zetu, hula mabaki yetu, pengine na kuku wetu, na kukicha hawaonekani. Kwa hiyo hao ndio wanaotuletea swali ambalo ningependa tulitafakari pamoja, ndugu msomaji: je, kumzoeza mnyama wa porini kwa watu ni kumtendea wema?

Wapo wanaolijibu swali hili haraka. Mmoja husema kwamba mnyama ni nyama au ni adui, na zaidi ya hapo hakuna cha kujadili. Mwingine husema kwamba kila kiumbe kinahitaji upendo, na anayemlisha mnyama mwenye njaa hawezi kuwa na kosa. Nimeishi na watu wa aina zote mbili, wote wakiwa watu wema, na nimejifunza kwamba jibu la haraka mara nyingi hutoka katika mahali mtu alipozaliwa kuliko katika fikra zake.

Mwaka 1983 nilipata nafasi ya kwenda kusoma kwa mwaka mmoja katika mji wa Bristol, Uingereza. Nilipanga chumba katika nyumba ya mama mmoja mjane. Jioni ya kwanza, tulipokuwa tukinywa chai jikoni, alifungua mlango wa nyuma, akaweka nje sahani yenye mifupa ya kuku na vipande vya mkate uliopakwa jemu. Haikupita muda, mbweha akatokea kwenye ua. Alikuwa mwekundu kama udongo wa Njombe, na alikuja hadi hatua tatu kutoka mlangoni, akaanza kula huku akitutazama. Mama yule alitabasamu kama anayemwonyesha mgeni mjukuu wake. Mimi nilisimama nikarudi nyuma hadi ukutani. Kwetu mnyama wa porini anayemsogelea mtu bila woga ana maana moja tu: ana kichaa cha mbwa.

Aliponiuliza kulikoni, nilimweleza. Alicheka, lakini si kwa dharau. Aliniambia kwamba kichaa cha mbwa kilikwisha kung'olewa nchini mwao tangu mwaka 1922, kabla yeye hajazaliwa. Hapo nikaelewa kwamba hofu yangu na utulivu wake vilikuwa kitu kimoja. Kila mmoja wetu alikuwa amerithi maarifa ya nchi yake. Nchini Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba watu wapatao 1,500 walikuwa wakifa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, wengi wao wakiambukizwa na mbwa wa kawaida wa mitaani. Mtu aliyekulia katika nchi kama hiyo hawezi kuitwa mshamba kwa kuwa anarudi nyuma hadi ukutani.

Katika mwaka ule niligundua pia kwamba hata Waingereza wenyewe hawakukubaliana juu ya mbweha. Mbweha walikuwa wamezoea kuishi mijini tangu miaka ya 1930, na Bristol ulikuwa miongoni mwa miji iliyokuwa nao wengi zaidi. Jirani yetu wa kushoto alilalamika kwamba walimfukulia maua na kumpasulia mifuko ya taka. Jirani wa kulia aliwapiga picha. Nje ya mji, mkulima mmoja aliyenialika kwake Jumapili alinionyesha mwanakondoo aliyeliwa, akaniambia kwamba watu wa mjini wangekuwa na kondoo wasingeweka sahani mlangoni. Na wapo waliokuwa wakiwawinda kwa farasi na makundi ya mbwa, wakisema ni mila ya mababu. Ubishi huo uliendelea miaka mingi, hadi mwaka 2004 Bunge lao lilipopitisha sheria ya kupiga marufuku uwindaji wa namna hiyo katika England na Wales, nayo ikaanza kutumika Februari 2005. Mnyama mmoja, nchi moja, na ndani yake mjukuu, mwizi, picha, adui na mchezo.

Nimesimulia hayo ili tusidhani kwamba ubishi huu ni kati ya Mwafrika na Mzungu. Ubishi ni kati ya anayekula hasara na asiyekula hasara. Lakini hata hiyo haitoshi kuwa jibu, kama nilivyoona baadaye hapa nyumbani.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu kilichoko mikoa ya kati. Chuo kilikuwa na mlinzi wa usiku, mzee mpole asiye na maneno mengi. Msimu mmoja wa kulima, wanachuo walipokuwa wakisafisha shamba la chuo, walikuta shimo lenye mtoto mmoja wa mbweha. Mama yake alikuwa ameuawa na mbwa siku chache kabla. Mlinzi alimfunika kwa koti lake akaenda naye. Alimlea kwa maziwa ya mbuzi, kisha kwa ugali na dagaa, akampa jina la Karani, kwa kuwa alikuwa akipita kila jengo kama mtu anayehesabu mali ya serikali.

Ndani ya miezi michache Karani alikuwa wa chuo kizima. Usiku alizunguka na mlinzi, akinusa mbele yake. Mchana alikwenda bwaloni, na wanachuo walimrushia vichwa vya dagaa. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na mikono pale haikuwa mitupu. Alijua kwamba kila mwenye miguu miwili ni rafiki, na kwamba mtoto ni rafiki anayedondosha chakula. Niseme kweli kwamba chuo kilikuwa na furaha zaidi kwa ajili yake. Vijana waliokuja kutoka mijini, ambao hawakuwahi kumwona mbweha ila katika vitabu, walijifunza mengi kwa kumtazama tu.

Kiangazi kilipokuja, Karani akiwa na umri wa kama miezi kumi, alianza kwenda mbali. Siku moja, saa sita mchana, aliingia katika ua wa nyumba moja kijijini, mwendo wa nusu saa kutoka chuoni. Mama wa nyumba alikuwa akipepeta mtama, na mtoto wake mdogo amekaa kivulini na kipande cha samaki mkononi. Karani alimwendea mtoto moja kwa moja, kama alivyozoea. Mama akapiga yowe. Majirani wakaja na marungu. Hakukimbia, kwa kuwa hakuwahi kuona sababu ya kukimbia watu, na jambo likaisha pale pale.

Mlinzi alipopata habari alikwenda kijijini kwa hasira, nami nikamfuata nikihofia ugomvi. Tulimkuta yule mama bado anatetemeka, mtoto amempakata, haachi kumkagua mikono na miguu. Mlinzi aliuliza kwa nini wameua mnyama asiye na kosa. Mama akajibu kwa heshima, bila kuinua sauti: "Mzee, mbweha anayekuja mchana bila kuogopa, sisi tumefundishwa kwamba anaumwa. Mwaka juzi tulizika mtoto katika nyumba ile pale." Akatuonyesha kwa kidevu nyumba ya pili. Mlinzi aliitazama ile nyumba kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Poleni, mama," na tukaondoka. Njiani hakusema neno mpaka tulipofika kwenye lango la chuo. Hapo akaniambia, "Mwalimu, nilimfundisha kwamba watu wote ni mimi."

Sentensi hiyo imekaa nami kwa zaidi ya miaka thelathini, na karibu kila ninalotaka kulisema katika insha hii limetoka humo.

Siku ya pili wanachuo walitaka kulijadili suala hilo, na kipindi kikaenda kwenye mjadala. Kundi moja liliwalaumu wanakijiji. Tuliwauliza: je, wewe ungekuwa yule mama, ungesubiri kuhakikisha? Hakuna aliyesema angesubiri. Kundi la pili lilimlaumu mlinzi. Tukawauliza: je, alipomkuta mtoto wa mnyama shimoni bila mama, angemwacha afe? Hapo sauti ziligawanyika. Kijana mmoja akasema, kosa ni dogo tu, angemvisha kitambaa chekundu shingoni ili ajulikane. Msichana aliyekaa nyuma akamjibu kwamba kitambaa hakisemi chochote kwa mtu ambaye hakuambiwa maana yake. Nadhani yule msichana alikuwa ameona mbali kuliko sisi wakufunzi.

Kwa maana mtu anapomzoeza mnyama wa porini, hampi chakula tu. Anampa ahadi. Anamwambia, kwa lugha ya mkono na sauti, kwamba watu hawatamdhuru. Mnyama hawezi kutofautisha mtu huyu na yule kama tunavyotofautisha sisi kwa majina, kabila na cheo. Anachojifunza ni "watu". Kwa hiyo ahadi hiyo haitolewi na mtu mmoja. Inatolewa kwa niaba ya watu wote atakaokutana nao mnyama yule katika maisha yake. Na wengi wa watu hao hawakuulizwa, hawajui kwamba ipo ahadi, na pengine wana sababu nzuri kabisa za kutoitimiza. Mzee yule alikuwa mkweli kwa Karani siku zote. Lakini alikuwa ametia sahihi kwa ajili ya kijiji kizima, na kijiji hakikuwa na habari.

Nikilitazama jambo kwa namna hii, mifano mingi ambayo hapo mwanzo ilinichanganya inaanza kujipanga. Chukua habari za George na Joy Adamson wa Kenya. Mwaka 1956 walimchukua mtoto wa simba aliyeachwa yatima, wakamlea, wakamwita Elsa, kisha wakamfundisha kurudi porini. Kitabu cha Joy kilichotoka mwaka 1960 kilizunguka dunia nzima, na filamu ikafuata mwaka 1966. Mamilioni ya watu walianza kuwapenda simba kwa sababu ya Elsa, na faida hiyo si ndogo. Lakini Elsa alipokufa mwaka 1961, watoto wake watatu walianza kuvamia mifugo ya wenyeji, ikabidi wakamatwe na kuhamishiwa Serengeti, upande wetu wa mpaka. Na mwaka 1971, huko Kora, simba mwingine aliyelelewa na watu na kuishi kambini kwa George Adamson alimwua mmoja wa wafanyakazi wa kambi, na Adamson mwenyewe akalazimika kumpiga risasi simba aliyempenda. Sisemi haya ili kuwadharau marehemu. Wote wawili walitoa maisha yao kwa kazi hiyo. Nasema tu kwamba wachungaji wa mifugo na mfanyakazi yule walibeba gharama ya ahadi ambayo hawakuiandika.

Chukua na mfano ulio karibu zaidi. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50. Kila msafiri anawajua nyani wanaokaa kando ya lami. Mtu dirishani anatupa ganda la ndizi au gunzi la mahindi, watoto wanashangilia, basi linakwenda. Katika maisha ya kawaida wahenga wametufunza vizuri: tenda wema nenda zako. Maana yake ni kwamba usikae ukingoja shukrani. Lakini kwa mnyama wa porini methali hii inageuka sumu, kwa sababu huko "kwenda zako" ndiko kuliko na ubaya. Msafiri anakwenda zake Iringa au Mbeya. Nyani anabaki barabarani akiwa amejifunza kwamba magari ni chakula. Gari linalofuata pengine halitapunguza mwendo. Na nyani aliyezoea mikono ya watu, anapokikuta kijiji kilicho nje ya hifadhi, anaingia jikoni kwa mtu ambaye hakuwahi kumtupia hata punje moja.

Sasa huenda msomaji akauliza: je, haiwezekani kumbadilisha mnyama mwenyewe, ili ahadi ikae ndani ya damu yake? Hilo limejaribiwa, tena kwa mbweha. Mwaka 1959 mtaalamu wa urithi wa viumbe wa Urusi, Dmitri Belyaev, alianza jaribio ambalo makao yake yakawa karibu na mji wa Novosibirsk, Siberia. Alichukua mbweha kutoka mashamba ya manyoya, na katika kila kizazi akawachagua wachache waliokuwa na woga mdogo kwa watu, hao tu ndio wazae. Hakuwafundisha, kusudi lake lilikuwa kuona kama upole unaweza kurithiwa. Baada ya vizazi vichache tu walizaliwa mbweha waliotikisa mkia kumwona mtu, waliolia wakitaka kushikwa na waliolamba mikono. Wengine walikuwa na masikio yaliyolegea, mikia iliyojikunja na mabaka meupe kama mbwa. Belyaev alifariki mwaka 1985, na msaidizi wake Lyudmila Trut akaiendeleza kazi hiyo kwa miongo mingi. Mwaka 2019 wataalamu wengine walikumbusha kwamba asili ya mbweha wale ilikuwa mashamba ya Kanada, ambako walikuwa wamefugwa tangu zamani, kwa hiyo baadhi ya mabadiliko hayakuanzia Siberia. Pamoja na hayo, jambo kuu halikukanushwa: upole unaweza kuchaguliwa kama tunavyochagua mbegu ya mahindi.

Jaribio hilo linanistaajabisha, na kama mwalimu naliheshimu. Lakini tutazame linatuambia nini. Ili ahadi ikae katika damu, ilihitaji vizimba, miaka mingi, na mkono wa mtu uliokuwa ukiamua kila mwaka nani azae na nani asizae. Yalikuwa mashamba ya manyoya. Kutochaguliwa hakukuwa na maana ya kurudishwa msituni. Na mbweha aliyepatikana mwishoni si mbweha wa porini aliyekuwa rafiki yetu. Ni mnyama mpya wa kufugwa, ambaye hawezi tena kuishi bila sisi. Mababu zetu walifanya hivyo hivyo kwa mbwa, na tangu siku hiyo tunadaiwa: tunapaswa kumlisha mbwa, kumchanja na kumzika. Anayetaka kuongeza mnyama mwingine katika orodha hiyo ana uhuru wake, bali ajue kwamba deni halina mwisho.

Zaidi ya hayo, ukaribu una hatari ambayo upendo hauioni. Mwaka 1994 mambo mawili yalitokea katika pande mbili za dunia. Kule Bristol, ugonjwa wa upele unaoletwa na wadudu wadogo wanaochimba ngozi uliingia kwa wale mbweha waliokuwa wakiishi karibu karibu, na katika muda wa miaka miwili zaidi ya asilimia 95 kati yao wakafa. Mama mwenye nyumba wangu aliniandikia barua akisema sahani inakaa nje hadi asubuhi. Na mwaka huo huo, katika Serengeti, ugonjwa wa virusi wa mbwa uliua kiasi cha theluthi moja ya simba, yapata 1,000. Mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi ndio waliohesabiwa kuwa chanzo. Hakuna mtu aliyetaka kuua simba. Mbwa walikuwa karibu tu. Tangu hapo kuchanja mbwa wa vijijini kumekuwa sehemu ya kuhifadhi simba, na nadhani kumchanja mbwa wako ni tendo la upendo kwa wanyama wa porini kuliko kumlisha mmoja wao kwa mkono.

Je, basi nasema kwamba mtu na mnyama wa porini wasijuane kamwe? La hasha. Naijua mifano miwili inayonizuia kusema hivyo.

Wa kwanza ni mji wa Harar, mashariki mwa Ethiopia. Ni mji wa kale wenye ukuta, na katika ukuta huo mna matundu ya chini ambayo fisi hupitia usiku. Fisi hula taka za mji; wapo watu wanaowalisha kwa mkono nje ya malango; na kila mwaka, siku ya Ashura, huandaliwa uji kwa ajili yao. Kinachonivutia si ujasiri wa anayewalisha. Ni kwamba mji mzima unajua. Mtoto wa Harar hukua akijua fisi anapita wapi na saa ngapi. Kama ni ahadi, basi imetolewa na wote na wanaitimiza wote, kizazi hata kizazi.

Wa pili ni ndege yule anayewaongoza watu kwenye asali. Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi humwita kwa mluzi. Wayao wa Niassa, Msumbiji, wana mlio wao wa kipekee unaoishia kwa mguno, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mlio huo uliongeza nafasi ya kuongozwa na ndege kutoka kama theluthi moja hadi theluthi mbili. Mtu anapata asali, ndege anapata nta. Hakuna aliyemfuga mwenzake, na shughuli ikiisha kila mmoja anarudi kwake. Ndege haishi kwa huruma ya mtu, wala mtu hadaiwi chochote zaidi ya kile walichopatana siku ile.

Mifano hii miwili inafanana katika jambo ambalo Karani alilikosa: wanaoguswa na mapatano wanayajua. Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza. Kabla ya kumzoeza mnyama wa porini, mtu ajiulize ni nani wengine watakutana na mnyama huyo, kama wanajua, kama wamekubali, na kama yeye atakuwapo siku ahadi itakapodaiwa. Akishindwa kujibu, basi mapenzi yake yatafute njia nyingine.

Najua pingamizi litakalokuja, maana nimelisikia kwa wanafunzi wangu wengi. Watasema kwamba mtu hawezi kulinda asichokipenda, na hawezi kupenda asichokigusa. Mtoto aliyemshika mbweha mkononi atakuja kuwa bwana nyamapori mwema. Mtoto aliyefundishwa kuogopa tu atakuja kuwa mwenye rungu. Pingamizi hili lina uzito. Wanachuo wetu walijifunza kitu kwa Karani ambacho mimi nisingeweza kuwafundisha ubaoni. Lakini tusisahau kwamba yupo mtu mwingine ambaye hoja hii haimhesabu. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliwaua watu wasiopungua 563 nchini Tanzania, wengi katika wilaya za kusini, na watafiti walionyesha kwamba nguruwe pori walikuwa sehemu ya chanzo. Nguruwe huja kula mazao, simba huwafuata nguruwe, na mkulima amelala katika dungu shambani ili kulinda mahindi yake. Mtu huyo amemsikia simba akipumua. Ukimwambia kwamba hawapendi wanyama kwa kuwa hakusoma, utakuwa umemtukana. Anawajua kuliko sisi. Anachokosa ni ukuta imara, na jirani wa mbali anayekubali kushiriki naye hasara.

Kwa hiyo elimu ya kupenda wanyama ianze na kuwasikiliza watu wanaoishi nao. Tukimfundisha mtoto kumtazama mbweha kwa mbali, kujua nyayo zake, kujua anakula panya wangapi katika shamba la babu, na kwa nini banda la kuku lifungwe jioni, tutakuwa tumempa mapenzi ambayo hayamdai mnyama chochote. Mapenzi ya namna hii hayana picha nzuri ya kuning'iniza ukutani. Hayalambi mkono.

Nimekwisha zeeka, na usingizi wa wazee ni mwepesi. Ninakoishi sasa, mbweha bado wanapita kwenye korongo lililo nyuma ya nyumba, na usiku mwingine nawasikia wakiitana. Wajukuu huniomba tuwawekee mifupa mlangoni ili tuwaone. Nawajibu kwamba tutawaona, lakini tutakwenda sisi kwenye ukingo wa korongo, tutakaa kimya, na wakituona wakakimbia tusisikitike. Woga wao ndio unaowawezesha kupita salama katika mashamba ya majirani zetu, ambao mimi siwezi kuwasemea. Wajukuu hawaridhiki sana na jibu hilo. Nami siwalaumu, maana hata mimi, nikiwasikia usiku, mkono hutamani kwenda jikoni.